UZI: Nondo mdogo aliyefutika rangi, picha ninayo ila jina sina. Naombeni macho yenu wadau

mama_tenga
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naleta shida yangu hapa maana nimehangaika nayo tangu juzi usiku na sijapata mtu wa kunijibu nikaridhika.

Mimi nalima nyanya hapa Ilula, Kilolo, robo tatu ya eka nyuma ya nyumba, miche ina wiki ya tano shambani na ndo kwanza maua yanaanza. Juzi saa mbili usiku nimewasha taa ya stoo nakuta kanondo kadogo kametulia ukutani chini ya balbu, kembamba, mabawa kamekunja yamelala mgongoni, nikakafunika na glasi, kakapigapiga humo ndani mpaka vumbi likabaki kwenye kioo, ndo nikakapiga picha na simu. Picha ndo hiyo hapo juu, najua haijatoka vizuri, flashi imeng'aa sana. Rangi yake sijui niseme nini, kama kijivu, kama kahawia, sehemu nyingine bawa limekuwa kama nailoni unaona ukuta kwa nyuma. Madoadoa kama yapo kama hayapo.

Kinachonitoa usingizi ni hiki, mwaka 2017 kantangaze, yule nondo ambaye funza wake wanatoboa nyanya, alinimalizia shamba. Nilitegemea tenga 80 nikavuna 9, na katika hizo 9 nyingine mnunuzi alizikataa pale barabarani akanionyesha matundu moja moja mbele za watu. Toka siku hiyo nikiona kanondo ka kijivu moyo unaenda mbio. Shemeji anasema kesho asubuhi niende duka la pembejeo nichukue dawa nipige, na dawa zenyewe bei yake mnaijua. Nimeweka picha kwenye programu ya simu ya kutambua wadudu ikanipa majina manne, nikakata picha pembeni nikaweka tena ikanipa mengine kabisa.

Nani anamjua huyu?

mang'ola_boy
Kantangaze huyo dada wala usiulize mara mbili. Kijivu, mdogo, anakuja kwenye taa, una nyanya nyuma ya nyumba. Piga dawa jioni hii hii.

stoo_ya_babu
Mbona umesema stoo? Kama una mahindi humo huyo ni nondo wa mahindi, mi wananisumbua kila mwaka kuanzia mwezi wa nane, ukitikisa gunia wanaruka.

kabichi_tu
Mi naona kama nondo wa kabichi yule mwenye almasi mgongoni. Vuta picha muone, kuna kama alama nyeupe katikati.

kipapasio
Dada mama_tenga pole sana, na hongera kwa kumfunika na glasi badala ya kumpiga kandambili, maana sasa tuna kitu cha kuangalia.

Mimi hawa wadogo nimewatoa kwenye mitego miaka mingi, na jambo la kwanza naomba tukubaliane, rangi ya huyu nondo tusiitumie kabisa. Lile vumbi lililobaki kwenye glasi ndo rangi yenyewe. Bawa la nondo limeezekwa magamba madogo mno kama vigae vya nyumba, madoa yote na michirizi yote iko kwenye magamba, yakishadondoka kinachobaki ni ngozi nyembamba tu ya bawa na hiyo kwa nondo wengi inafanana. Vuta picha uangalie nyuma ya kichwa, pale mabawa yanapoanzia. Panang'aa kama upara, mnaona? Nondo aliyetoka karibuni hapo pana magamba yamelala vizuri kama nywele zilizochanwa. Pakishakuwa na upara ujue ameishi siku nyingi au amepata msukosuko, na doa lolote unaloliona bawani linaweza kuwa doa kweli au ni mahali tu magamba yamebahatika kubaki. Hiyo alama nyeupe ya kabichi_tu ni mwanga wa flashi umepiga kwenye ngozi tupu. Na ndo maana programu inabadilisha jina kila ukikata picha, inasoma madoa ambayo hayapo.

Sasa tuangalie visivyofutika. Mbele ya uso kuna vitu viwili vimepinda kwenda juu kama pembe za mbuzi, vyembamba, ncha kali, vinafika juu ya kichwa. Hivyo sio vipapasio, ni viungo vya mdomoni. Ukiviona hivyo kwenye nondo mdogo mwembamba wa umbo hili unaanza kufikiria familia moja inaitwa Gelechiidae. Vipapasio vyenyewe kavilaza nyuma kufuata mwili. Nondo wa kabichi akitulia vipapasio anavinyoosha mbele, ukimwona mara moja hutasahau. Kwahiyo huyo mi namtoa.

Shida ni kwamba kantangaze yumo kwenye familia hiyo, nondo wa mahindi wa stoo naye yumo, na nondo wa viazi mviringo naye yumo. Mang'ola_boy na stoo_ya_babu wote wawili mko kwenye njia, ila njia hiyo ina milango mitatu.

Dada naomba ufanye hivi kama bado yuko hai. Mweke kwenye kikopo cheupe, ingiza kwenye friji sehemu ya chini dakika 10, atapoa atatulia. Mtoe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha asubuhi, flashi zima. Piga picha ya juu, ya ubavuni usawa wa uso wake, na moja ya tumboni. Weka rula pembeni, tena iguse karatasi ileile, maana kwenye picha ya kwanza hatujui kama ana milimita 5 au 15. Usivute kwa simu, kama una kioo cha kukuzia kiweke mbele ya kamera. Ukimchoma na kijiti ukapata nafasi ya kufunua bawa la nyuma itakuwa vizuri zaidi. Halafu utuambie, humo stoo kuna nini?

mama_tenga
Asante sana kaka kipapasio, nimefanya yote, picha 5 nimeweka. Alikuwa ameshakufa asubuhi kwahiyo friji sikuhitaji.

Kwa rula kuanzia kichwani mpaka mwisho wa mabawa ni milimita 8, labda kasoro kidogo sana. Bawa la nyuma nimelifunua kwa sindano likapasuka kidogo samahani.

Stoo kuna mahindi magunia manne ya mwaka huu, na viazi viroba vitatu alileta kaka yangu kutoka Njombe mwezi uliopita, tunakula na vingine nilikuwa nimetenga mbegu. Na dirisha la stoo linaangalia shamba la nyanya, ni kama hatua 20. Kwahiyo milango yako mitatu yote iko nyumbani kwangu.

kipapasio
Picha ya tatu ni nzuri sana, na usiombe samahani, bawa limepasuka pasipo na maana.

Tumtoe wa mahindi kwanza. Nondo wa mahindi bawa lake la nyuma linakwenda vizuri halafu ghafla linakatika linachomoza ncha nyembamba kama kidole cha shahada. La kwako lina ncha ndio lakini linapungua taratibu. Niliogopa kidogo maana kingo za mabawa ya nyuma kwa hawa zina shada la nywele ndefu na nondo akichakaa hizo nywele zinakatika, umbo linadanganya. Ila kidole kile ni cha bawa lenyewe, hakikatiki na nywele. Hapo stoo_ya_babu uniwie radhi.

Wamebaki wawili na hawa ni ndugu kabisa. Kantangaze alipewa jina lake la kitaalamu na Mwingereza anaitwa Meyrick mwaka 1917 kutoka kwa nondo waliookotwa Peru, akamweka kwenye ukoo mmoja na nondo wa viazi, Phthorimaea. Baadaye wakamhamisha hamisha, wengi wetu tumemjua kama Tuta absoluta, mwaka 2021 wakamrudisha kulekule kwa nondo wa viazi. Maana yake wataalamu wenyewe wakiwatazama kwa ndani wanaona ni nyumba moja. Kwahiyo mtu akikwambia anawatenganisha kwenye picha ya nondo aliyefutika, muulize amewatenganisha na nini.

Urefu unasaidia kidogo. Kantangaze mara nyingi ni milimita 5 mpaka 7. Wa kwako 8. Nondo wa viazi ndo huwa hapo na kuendelea. Mi naelekea kwenye viazi, lakini kuelekea tu, maana nondo wakubwa wapo na wadogo wapo, mlo aliokula akiwa funza unamkuza au unamdumaza.

Hapa picha imefika mwisho wake, sitaki kukudanganya. Maabara wangemaliza, wanakata tumbo la nyuma, wanaliloweka kwenye potashi nyama inayeyuka zinabaki sehemu ngumu za uzazi, na hizo kwa kila aina zina umbo lake kama ufunguo na kitasa. Hata mabawa yangeisha yote tumbo bado lina jibu, ndo maana nasema usimtupe, mweke kwenye kibiriti juu ya tishu, pakavu, sisimizi wasimfikie. Pale TPHPA Ngaramtoni, Arusha, mamlaka ya afya ya mimea, au SUA Morogoro, chuo kikuu cha kilimo, kazi hiyo wanaijua.

Ila wewe una kitu kizuri kuliko maabara, uko nyumbani kwake. Mtafute alipokulia. Kesho asubuhi pita kwenye nyanya, mistari yote, angalia majani ya juu na ya katikati. Kantangaze anakula nyama ya jani katikati ya ngozi mbili, anaacha dirisha pana limepauka kama karatasi ya sigara, ukiliinua kwenye jua unaona kinyesi cheusi kimejikusanya upande mmoja. Ukiona kijinjia chembamba cheupe kinapindapinda kama nyoka huyo sio nondo, ni funza wa kainzi kadogo, usihesabu. Halafu mimina viazi vyote chini, vyote, angalia kwenye macho ya kiazi.

Ukipata funza popote, mtazame shingoni na kioo. Kantangaze nyuma ya kichwa ana mstari mwembamba mweusi kama kola ya shati. Wa viazi hapo pote ni pa giza, kama kavaa mtandio.

mang'ola_boy
Kaka nakuheshimu lakini sisi huku wiki moja inatosha kupoteza shamba. Mimi niliona kanondo kamoja Jumatatu nikasema nisubiri, wiki mbili baadae majani yamekuwa kama yamechomwa na moto. Wakati mnatazama shingo za funza mwenzetu anaumia.

kipapasio
Mang'ola_boy hoja yako ni ya kweli na siipuuzi, jike mmoja wa kantangaze anaweza kutaga mayai mpaka 260 na kutoka yai mpaka nondo ni kama mwezi mmoja, kwenye joto ni pungufu. Toka aingie nchini mwaka 2014, alivyoonekana kule Ngarenanyuki, Arusha, tumeona alichofanya. Ndo maana sijasema akae. Kukagua ni asubuhi moja. Na leo hii dada atundike mtego wa harufu ya kantangaze mmoja katikati ya shamba, kile kidonge cha mpira kinaita madume tu ya aina hiyo. Kama yupo, mtego utasema.

Lakini kupiga kwa kubahatisha kuna hasara mbili. Kantangaze ameshazizoea dawa nyingi kwa sababu tumempiga nazo ovyo, kila ukipiga bila sababu unawaua vinyigu na kunguni wa shambani (sio wale wa kitandani) wanaokula mayai yake halafu yeye anabaki. Ya pili, kama huyu katoka kwenye viazi, dada atapiga nyanya nzima na funza bado wako ndani ya kiazi stoo wanakula. Watatoka wengine kesho kwenye balbu ileile, na dada atapiga tena.

mama_tenga
Wadau nimerudi, ni saa moja jioni nimechoka ila lazima niandike.

Nimepita nyanya mistari yote 34 na mwanangu wa darasa la sita ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu. Vinjia vya nyoka vipo vingi majani ya chini. Madirisha yaliyopauka nimepata matatu tu, upande wa mwisho karibu na shamba la jirani, nimeyafungua, mawili hayana mtu na moja lina kafunza kadogo mno kama uzi, shingo sikuweza kuiona hata na kioo.

Baada ya hapo nikamimina viazi. Kiroba cha kwanza safi. Cha pili safi. Kiroba cha tatu kile nilichotenga mbegu, kilikuwa chini kabisa kwenye kona, nilipokifungua tu ikatoka harufu nzito kama ya udongo uliooza, na kanondo kakaruka mbele ya uso wangu kakapotea. Kwenye macho ya viazi kuna uchafu mweusi umejazana kama unga wa kahawa uliolowa, umeshikwa na utando kama wa buibui. Nikachukua kimoja nikakata katikati. Kwa nje kilikuwa kizima kabisa, ndani kuna njia inapita chini ya ngozi halafu inazama katikati, njia yenyewe nyeusi, na mwisho wa njia amelala funza mmoja mweupe ana wekundu kidogo mgongoni. Nikamweka kwenye kisahani. Shingoni pote giza. Mtandio kama ulivyosema.

Nilikaa chini pale stoo. Sio kwa huzuni, maana mbegu imeharibika ndio, ila nilijikuta napumua.

Mtego nimetundika, mpwa wangu kaununua mjini Iringa.

njombe_viazi
Dada pole. Huku kwetu hiyo tunaijua. Kiazi kikikaa juu ya tuta udongo umepasuka nondo anaingia hapo kutaga, na wengine wakivuna wanaacha lundo shambani usiku kucha halijafunikwa, basi ndo wanakuletea nyumbani ndani ya kiroba. Vile vilivyoliwa usivitupe jalalani hivyohivyo, chemsha wape nguruwe au fukia kwa kina. Vilivyo safi vitandaze kwenye kichanja upate kuviona, wazee wetu wanatandaza majani makavu ya lantana juu na chini, ila ng'ombe na mbuzi wasiyafikie ni sumu kwao.

kipapasio
Kazi nzuri sana hii dada, na mtoto mpe salamu zangu.

Naomba kitu kimoja kabla hujafukia. Chagua viazi vitano vyenye funza, weka kwenye ndoo ndogo, chini weka mchanga mkavu vidole viwili, juu funga kitambaa cha khanga na mpira. Acha kivulini. Funza wakishiba watashuka mchangani wajisokotee vikoko, na wakitoka watakuwa na magamba yote, hawajagusana na glasi wala ukuta wala balbu. Hao ndo upige picha. Huyu wa kwanza hatuwezi kumrudishia rangi, tunaweza kumtafutia ndugu zake.

mama_tenga
Nimerudi, leo ni siku ya 16. Samahani kwa ukimya, tulikuwa na msiba.

Asubuhi nimeinua khanga nakuta nondo wanne wamekaa ukingoni mwa ndoo. Jamani. Sikujua wako hivi. Nimewaweka friji dakika 10 kama ulivyosema na picha zote nimepiga dirishani, tazameni wenyewe. Wana rangi ya majani makavu ya mgomba, na kijivu, na vinukta vyeusi kama mtu kanyunyiza masizi. Wawili mgongoni mabawa yakikutana madoa yanajiunga yanakuwa kama herufi X. Wawili wengine hawana X, wana vinukta viwili vitatu vyeusi kila bawa. Mabawa ya nyuma yana zile nywele ndefu kingoni kama mashada ya mkeka. Urefu milimita 8, 8, 9 na 9.

Nikamweka yule wa kwanza wa kwenye kibiriti katikati yao. Hana hata kimoja. Ni kama nguo iliyofuliwa miaka kumi na nguo ileile mpya dukani. Lakini zile pembe za mbuzi usoni ni zilezile, na bawa la nyuma lile nililolipasua linapungua vilevile.

Mtego wa nyanya: wiki ya kwanza dume mmoja, wiki ya pili mawili. Madirisha kwenye majani sasa ni 7, nimeyachuma yote nimeyachoma.

kipapasio
Hao wenye X ni majike na wenye vinukta ni madume, nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, hawa wanne sina shaka nao hata kidogo.

Yule wa kwanza andika hivi kwenye karatasi ya ndani ya kibiriti, kwa penseli maana wino unafutika: "Phthorimaea, karibu hakika nondo wa viazi. Ukutani stoo, Ilula, chini ya balbu", na tarehe. Hilo neno karibu usiliondoe. Umempata kwenye nyumba ambayo mtego umeonyesha kantangaze naye yupo hatua 20, na aliyefutika hawezi kujitetea. Ukija kupita Morogoro siku moja mpeleke, wakimkata tumbo neno litaondoka.

Kwenye nyanya endelea kuchuma majani na kuhesabu mtego kila Jumatatu, andika kwenye daftari. Madume matatu wiki mbili sio moto, ila idadi ikianza kuruka ghafla na matundu yakaonekana kwenye vitumba, uje hapa siku hiyohiyo tuchague dawa pamoja.

mang'ola_boy
Nimekaa nimesoma uzi mzima tena kuanzia juu. Ule mwaka wangu mi sikumtazama hata mmoja shingoni. Naomba kaka kipapasio nikikupigia picha za majani ya huku kwetu Jumamosi unisaidie kusoma, na rula nitaweka.

kipapasio
Leta kaka. Na za chini ya jani pia.

mama_tenga
Kibiriti nimekiandika, kiko juu ya kabati ndani ya kopo la kahawa lenye kifuniko. Mwanangu kaongeza kwa mwandiko wake "amepatikana na mama". Kesho Jumatatu, naenda kusoma mtego saa kumi na mbili kabla jua halijapanda.